Pilato hakushika mjeledi



Tarehe 26 ya mwezi wa Juni Umoja wa Mataifa unawakumbuka watu walioteswa: waliopigwa, walioning'inizwa, walionyimwa usingizi, mikononi mwa watu wanaolipwa mshahara na serikali. Kiongozi wa umma akiulizwa kama ni halali kumtesa mtuhumiwa ili aseme, ajibu nini? Wengi hujibu, "Tusubiri uchunguzi." Lakini hakuulizwa kama fulani aliteswa, hilo kweli ni la kuchunguza. Ameulizwa kama kutesa ni halali, na hilo halihitaji tume.

Fungua Luka 23. Pilato anatangaza mbele ya watu kwamba haoni kosa kwa Yesu, na papo hapo anaahidi kumchapa kwanza, kisha amwachilie. Umewahi kuitafakari hukumu hiyo? Mtu hana kosa, kwa hiyo apigwe. Pilato alitaka kuuridhisha umati bila kuua, akadhani kipigo ni njia ya katikati. Yeye hakushika mjeledi, walioushika ni askari. Yohane anaeleza kwamba walipomaliza wakaongeza ya kwao: taji la miiba, vazi la zambarau, makofi. Injili haisemi kwamba Pilato aliwaagiza hayo. Hakuwakataza tu. Mkubwa asipoweka mpaka, wa chini huhesabu kuwa ameruhusiwa.

Mfano wa kinyume tunao hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1970, mauaji yaliyotokana na imani za uchawi yalizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Serikali ikawatuma polisi na maofisa wa usalama wawasake wauaji. Nani angepinga? Vikongwe walikuwa wanauawa. Watu wengi wakakamatwa, wakateswa wakiwa mahabusu, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ingawa si yeye aliyewapiga. Waziri mwenzake Peter Siyovelwa naye akaondoka, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili, Peter Kisumo na Marco Mabawa. Baadhi ya maofisa waliohusika wakafikishwa mahakamani.

Kinachonigusa zaidi katika habari hiyo ni kwamba waliofia mahabusu walikuwa watuhumiwa wa mauaji. Huenda wamo waliokuwa wauaji kweli. Mwinyi hakungoja kwanza ajulikane nani mwema na nani mbaya. Na wanaodhani msimamo wa namna hiyo humaliza maisha ya siasa wakumbuke kwamba mwaka 1985 mtu huyo huyo alikuwa Rais wetu.

Leo tuko wapi? Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa. Hata hivyo, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya utesaji, wa mwaka 1984, Tanzania haijauridhia. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wamo. Kuwamo hakujamaliza vipigo kwao, lakini aliyepigwa anapata pa kuanzia. Mbunge anayesali nawe Jumapili hii anaweza kuulizwa msimamo wake.

Utaniuliza, "Na ninyi, Padri?" Una haki. Mwaka 866 Papa Nikolao wa Kwanza aliwaandikia Wabulgaria kukataa ungamo la mtuhumiwa linalotolewa kwa kipigo. Mwaka 1252 Papa Inosenti wa Nne akaruhusu watuhumiwa wa uzushi wateswe. Katekisimu, namba 2298, haifichi kwamba wachungaji wa Kanisa walishiriki ukatili huo. Ilikuwa mwaka 1965 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoyataja mateso ya mwili na ya akili pamoja na mauaji na utumwa. Kwa hiyo nasema haya bila kupaza sauti.

Nawe msomaji, umo. Misa ikiisha, tukiwa bado nje ya kanisa, habari ikija kwamba jambazi amekamatwa, utasikia: "Apigwe mpaka aseme!" Wenye midomo hiyo wametoka kupokea Komunyo. Waziri anaisikia sauti hiyo, kama Pilato alivyousikia umati wake, naye anahesabu kura.

Sauti nyingine imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Huko Filipi mahakimu waliwachapa Paulo na Sila hadharani bila kuwahukumu, wakawafunga. Kulipokucha wakatuma watu kimya kimya: waachilieni waende zao. Paulo akakataa kutoka. Walitupiga mbele ya watu, akasema, sasa watutoe kwa siri? Waje wenyewe. Mahakimu waliposikia kwamba hao ni raia wa Roma, wakaogopa. Wakaja, wakawabembeleza, wakawatoa kwa mikono yao wenyewe.