Jasho la Ziada na Hesabu ya Mwajiri

Ujira wa kibarua katika mashamba ya mahindi ya Saboti, Trans Nzoia, hupangwa kabla jembe halijagusa udongo. Bei ya kutwa hujulikana Matisi, Tuwani na Kinyoro tangu alfajiri, nayo huwa ile ile kwa anayepalilia mistari kumi na kwa anayepalilia sita. Kinachoipandisha au kuishusha ni wingi wa waliojitokeza asubuhi hiyo ukilinganishwa na wingi wa wenye mashamba wanaowatafuta. Mei, magugu yanapotaka kuyashinda mahindi, hata mzembe hulipwa vizuri. Februari, mashamba yakiwa matupu, hodari hukaa nyumbani. Anayeshangaa kwamba bidii yake haijaongeza mshahara huwa amechanganya thamani ya kazi na bei ya mfanyakazi. Thamani hutokana na mikono yake mwenyewe. Bei hutokana na mikono ya wengine walio tayari kushika nafasi yake, na Trans Nzoia haijapungukiwa na watu hao: wapo wanaotoka Bungoma, wapo wa Pokot Magharibi, na wapo wajukuu wa vibarua wa walowezi ambao uhuru uliwakuta bila ardhi na ukawaacha hivyo hivyo.

Serikali nayo huweka kima cha chini tu. Agizo la mishahara ya kilimo, lililoongezwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, lilimpa mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi maalumu chini kidogo ya shilingi 8,000 kwa mwezi. Halina neno kuhusu anayefanya kazi ya watu wawili.

Ingeonekana rahisi, basi, kumlipa kila mtu kwa kiasi alichofanya. Shamba la mahindi ya mbegu linaonyesha kwa nini si rahisi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na tangu mbegu chotara zianze kusambazwa katika miaka ya 1960, uzalishaji wake umekuwa kazi kubwa ya eneo hili. Ili chotara ipatikane, aina mbili za mahindi hupandwa kwa mistari, kisha ile iliyoteuliwa kuwa mama hung'olewa mbelewele zote kwa mkono kabla hazijamwaga chavua. Wafanyakazi hupita mstari kwa mstari, na hurudia siku baada ya siku, kwa kuwa mimea haichanui pamoja. Mbelewele chache zilizofichwa na majani zinatosha kuharibu usafi wa mbegu, na wakaguzi wa mbegu wa serikali, KEPHIS, wanaweza kulikataa shamba. Mwenye shamba akilipa kwa mstari, watu watakimbia. Kwa hiyo hulipa kwa siku, humweka nyapara nyuma yao, na anayekwenda taratibu akitazama kila kilele ndiye amtakaye. Hapo mwajiri ana haki kabisa: kasi anayojivunia kibarua ni hasara kwake.

Kazi nyingine hupimika bila taabu, na huko ndiko mambo yanakogeuka machungu. Walowezi wa Trans Nzoia walikuwa na utaratibu wao wa kupima. Kibarua wa tiketi alitakiwa kutimiza siku 30 za kazi, na siku ilihesabiwa alipomaliza sehemu aliyopangiwa. Aliyekuwa mwepesi alipata muda; alirudi mapema kulima shamba lake dogo, malipo ambayo hayakumgharimu mlowezi senti. Mshahara wenyewe ulikuwa na kizuizi kingine. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti kilichotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni, ambamo waajiri waliandika alikofanya kazi na alicholipwa. Mwajiri mpya alisoma kiwango cha zamani kabla ya kutaja chake. Mtu angeweza kuwa fundi kuliko wenzake wote, na bado akapatanishwa bei akiwa amebeba shingoni silaha ya kumshinda.

Muda wa bure nao una hatari yake. Anayemaliza sehemu yake saa tano kila siku anamwonyesha nyapara kwamba sehemu ni ndogo. Mhandisi wa Marekani Frederick Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu usimamizi wa kazi, alilalamika kwamba wafanyakazi wa viwandani walijizuia makusudi. Hata hivyo alikiri sababu: walikwisha kuona kwamba uzalishaji ukipanda, malipo ya kila kipimo hukatwa. Muungano wa Kisovieti, uliodai kuwa dola la wafanyakazi, haukuwa tofauti. Agosti 1935 mchimba makaa Aleksei Stakhanov alitangazwa kuwa amechimba tani 102 kwa zamu moja, zaidi ya mara kumi ya kiwango chake. Yeye alipata nyumba na sifa. Mwaka uliofuata viwango vya wengine vilipandishwa.

Mtego huo huo unafanya kazi stejini Kitale. Dereva na makanga wa matatu hupewa hesabu ya siku wanayopaswa kumpelekea mwenye gari. Kinachozidi, baada ya mafuta, ni chao. Ni mpango mzuri kwa mchapakazi, na ndiyo sababu magari huamka mapema hivyo. Lakini tajiri ana macho. Akigundua kwamba ziada imekuwa ya kawaida, hupandisha hesabu, au humpa gari mtu mwingine aliyeahidi zaidi. Makanga mwerevu huficha siku nzuri na kulalamika kwa sauti siku mbaya. Wanaoita tabia hiyo ujanja wa Waafrika au uvivu wa vijana hawajaisoma vizuri. Ni tabia ya mtu aliyeelewa mkataba wake.

Katika miwa ya Bungoma kuna tatizo la aina nyingine. Mkataji hulipwa kwa tani, kwa hiyo nguvu zake zinapaswa kuonekana mfukoni. Ila muwa uliokatwa hupoteza uzito kadiri unavyokaa shambani, na trekta ikichelewa, kilichokatwa kwa haraka hufika kwenye mizani kikiwa chepesi. Juu ya hapo kuna hali ya kiwanda. Nzoia Sugar, iliyoanzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga mwaka 1978, ilizama katika madeni, mitambo ikachakaa, na wafanyakazi wakalimbikiziwa mishahara isiyolipwa huku wakiendelea kwenda kazini, hadi serikali ilipokikodisha kwa kampuni binafsi kwa miaka 30 mnamo 2025. Kwa mwajiri asiye na fedha, kati ya mwenye bidii na mzembe hakuna tofauti. Wote ni wadai.

Mwajiri mdogo pia hastahili kulaumiwa kwa kila kitu. Mwenye ekari tatu huko Machewa, Saboti, hupalilia kwa fedha za mkopo au za kuuza ng'ombe, bila kujua gunia la kilo 90 litakwenda kwa bei gani mavunoni. Bidii yake mwenyewe hailipwi na soko. Akimwongezea kibarua mmoja, wengine kumi watadai sawa kabla ya jua kutua, nao wana hoja, kwa kuwa hakuna aliyepima.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua kazi ya kulipwa kwa kipimo, na kifungu cha 37 kinasema kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla isiyopungua mwezi mmoja achukuliwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Mwajiri anayetaka kukwepa huvunja mfululizo huo, na kibarua anayebadilisha shamba kila wiki hana ushahidi wowote. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kina nguvu penye mashamba makubwa ya chai na maua, ambako mwajiri ni mmoja na wafanyakazi ni maelfu. Kwenye ekari tatu tatu za Saboti hakina mlango wa kubisha.

Kinachobadilisha hesabu ni ahadi ambayo mwenye fedha hawezi kuigeuza baada ya kuona matokeo. Lincoln Electric ya Cleveland, kiwanda cha Marekani, imelipa kwa kipande kimoja kimoja kwa miongo mingi, ikishikilia kanuni kwamba bei haipunguzwi kwa sababu tu mfanyakazi amepata nyingi. Sharti njia ya kufanyia kazi ibadilike kwanza. Huku Kitale ahadi ya namna hiyo hupatikana mahali pasipotarajiwa, kwenye pikipiki ya mkopo. Marejesho yameandikwa tangu siku ya kwanza, na mkopeshaji hawezi kuyaongeza kwa kuwa mwendeshaji amepata abiria wengi sokoni. Safari ya ziada ni yake, na deni likiisha pikipiki ni yake. Hapo mpinzani wake si tajiri tena. Ni mamia ya vijana waliofanya hesabu hiyo hiyo, wanaomsubiri steji ile ile na kushusha nauli.