Mfanyakazi Yuko Wapi Katika Riwaya?



Wako watu wasemao kwamba riwaya ni starehe ya mwenye nafasi, na kwamba mtu aliyeshinda akichuma chai au akisimama mbele ya mashine hana haja nayo. Sisi hatukubaliani nao. Sisi ni wapishi, wasafishaji na mazamu wa Kiyovu, hapa Kigali, na katika miezi michache iliyopita tumesoma riwaya tatu za siku hizi. Mwenzetu ajuaye Kifaransa alitusomea, kisha akatueleza kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Kwa kila kitabu tuliuliza swali moja tu: mfanyakazi yuko wapi humu, na mwandishi anamtazama kutoka upande gani?

Ya kwanza ni Notre-Dame du Nil ya Scholastique Mukasonga, iliyopata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa mwaka 2012. Inahusu shule ya wasichana iliyo juu milimani Rwanda, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Wengi wa wanafunzi ni mabinti wa wakubwa, na Watutsi wameingizwa kwa hesabu maalumu tu. Binti mmoja, Gloriosa, anatunga uongo kwamba ameshambuliwa, na kwa kuwa baba yake ni mkubwa, uongo ule unageuka kuwa ukweli wa serikali. Twakisifu kitabu hiki, kwani kinaonyesha wazi jinsi chuki inavyopikwa mezani kwa wakubwa kabla ya kugawiwa kwa wadogo. Lakini mtu wa jembe na jiko hakuwekwa mbele ya hadithi.

Ya pili ni Petit Pays ya Gaël Faye, ya mwaka 2016, ambayo imefasiriwa pia kwa Kinyarwanda kwa jina la Gahugu Gato. Mtoto Gabriel, ambaye baba yake ni Mfaransa na mama yake ni mkimbizi Mnyarwanda, anakulia Bujumbura katika nyumba yenye mpishi, dereva na msimamizi. Hapo tulijiona wenyewe. Baiskeli ya mtoto yule inaibwa na kuuzwa mbali mashambani, hata ikafika kwa familia maskini iliyoinunua kwa fedha yake. Inapopatikana, Donatien, yule msimamizi kutoka Zaire, anaona si haki kuwanyang'anya maskini wale. Lakini baiskeli inachukuliwa, inarudi mjini. Kurasa hizo tulizibishania usiku kucha. Baadhi yetu walisema mali ya mtu ni mali ya mtu. Wengine walisema Donatien ndiye mwenye haki, kwa kuwa yeye peke yake alijua uzito wa fedha mkononi mwa mkulima. Kitabu kinachowafanya wafanyakazi wabishane juu ya haki si kitabu cha kupoteza wakati.

Ya tatu ndiyo iliyotugusa zaidi. Ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita mjomba. Kumbe si mjomba hata kidogo: baba yake ana deni, na mtoto amewekwa rehani. Anafanya kazi dukani bila mshahara pamoja na Khalil, naye pia mtoto wa deni. Ndugu zetu, nani kati yetu asiyelijua deni? Anayechukua mshahara kabla ya mwisho wa mwezi, na anayekopa unga dukani hadi mavuno yajayo, wote watamwelewa Yusuf bila mwalimu. Gurnah hakupiga makelele ya siasa. Ameonyesha tu kwamba mtu aweza kufungwa bila mnyororo, tena kwa maneno matamu ya ujamaa wa uongo. Basi tajiri akikwambia kwamba ninyi ni jamaa moja, muulize kwanza mkataba uko wapi.

Hata hivyo, bado tunapima riwaya zote kwa Kuli ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1979. Humo kuli wa bandari ya Zanzibar ndiye shujaa, na mgomo wa mwaka 1948 ndio moyo wa hadithi. Wapi Kuli ya mashamba ya chai? Wapi Kuli ya Kiyovu? Mtaa huu ulikuwa na pande mbili, juu kwenye bustani za matajiri, na chini Kiyovu cha maskini. Mwaka 2008 kile cha chini kilibomolewa, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Batsinda. Palipolala mafundi, wachuuzi na vibarua hapana tena nyumba zao. Hiyo ni riwaya nzima, na sisi hatujaiona kitabuni.

Maoni yetu basi ni haya. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sheria ni njema, lakini lugha isiyo na vitabu mikononi mwa watu ni sahani tupu. Vyama vyetu vinunue vitabu vichache kwa kila tawi, viwekwe katika sanduku, na sanduku lizunguke kutoka kiwanda hadi kiwanda na shamba hadi shamba. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Wachapaji nao watoe nakala za bei nafuu, maana kitabu kinachogharimu ujira wa siku kadhaa kimeandikwa kwa ajili ya mwingine.

Na ninyi wenye kalamu katika matawi, andikeni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tukimngoja yeye atusimulie, tutabaki milangoni mwa hadithi tukishika sinia.