Lugha ya Kompyuta na Saa ya Mvuvi

Lugha za kompyuta zimetungwa na binadamu ili kuiamuru mashine. Hazikukua zenyewe vinywani mwa watu kama Kisukuma au Kikerewe; kila kanuni yake iliamuliwa na mtu fulani, kwa haja fulani. Kwa hiyo jamii yoyote inayozitumia ina haki ya kuuliza zilitungwa kwa haja ya nani, na ya kuwa na kauli kuhusu namna zitakavyobadilika. Swali hilo linauhusu pia ufuo wa Ziwa Victoria, ambako takwimu za uvuvi, utabiri wa hali ya hewa na malipo ya biashara ya samaki sasa hupitia katika kompyuta na simu.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kutunga lugha ya kompyuta ya Kiswahili, ili badala ya kuandika if mwanafunzi aandike kama. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na kiufundi haina ugumu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Marekani, Grace Hopper, aliwaonyesha wakuu wake programu moja iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza, kisha ya Kifaransa, kisha ya Kijerumani. Wakuu hao walishtuka. Hawakuamini kwamba mashine iliyotengenezwa Pennsylvania ingeweza kufahamu Kifaransa. Mashine haikufahamu Kifaransa wala Kiingereza. Kila neno lilikuwa alama tu, na alama yoyote ingefaa.

Lakini wepesi huo ndio unaoonyesha udogo wa faida yake. Python, mojawapo ya lugha zinazotumika sana leo, ina maneno maalumu 35 tu. Mwanafunzi wa Nyegezi au wa Ukerewe anaweza kuyakariri kwa siku chache. Kinachomkwamisha ni maelezo ya kosa ambayo kompyuta humrudishia kwa Kiingereza kigumu, pamoja na vitabu vya mafunzo ambavyo karibu vyote havipatikani kwa lugha aliyosomea shule ya msingi. Tena, lugha mpya huhitaji watu wa kuitunza mwaka hadi mwaka. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Msukuma, Mkerewe, Mjita na Mhaya hawakutunga lugha mpya ili wapate kuuziana dagaa. Walitumia Kiswahili, lugha ambayo tayari ilikuwa na wasemaji wengi. Vivyo hivyo si busara kumfungia kijana katika lugha ya kompyuta isiyo na watumiaji wenzake.

Jambo zito zaidi ni jinsi lugha inavyomlazimisha mwandishi aseme anachokimaanisha. FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957 na kundi la John Backus katika kampuni ya IBM, ilikuwa na kanuni ya ajabu. Jina lililoanza na herufi yoyote kuanzia I hadi N lilihesabiwa kuwa la namba kamili, na majina mengine yote kuwa ya namba zenye desimali. Kwa kanuni hiyo IDADI ingekuwa namba kamili na UZITO ungekuwa na desimali, jambo ambalo kwa bahati ni sawa kabisa. Lakini SAMAKI wangekuwa na desimali, na mashine ingekubali bila ubishi kuhesabu samaki watatu na nusu.

Tangu hapo lugha nyingi zimepiga hatua kwa kumtaka mwandishi atangaze aina ya kila kitu. Kwa Mswahili wazo hili si geni, kwa kuwa linafanana na ngeli. Husemwa mvuvi amezama, mtumbwi umezama, jahazi limezama. Anayesema mtumbwi amezama hutambuliwa mara moja kuwa amekosea, hata kabla ya mtu kuuliza kama habari yenyewe ni ya kweli. Lugha ya kompyuta yenye aina hufanya kazi hiyo hiyo. Hukagua upatanisho wa sentensi kabla programu haijaanza kazi.

Manufaa yake huonekana palipo na vipimo. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mars, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama vipimo vya metriki. Ufuoni mwa ziwa hatari ya namna hiyo ipo kila siku. Dagaa hupimwa kwa ndoo, kwa debe na kwa gunia. Sangara hupimwa kwa kilo. Na kilo ya dagaa wabichi si kilo ya dagaa wakavu. Programu inayojumlisha namba tupu italipa taifa takwimu za uongo, na kwa takwimu hizo watu wataamua ni nyavu ngapi ziruhusiwe ziwani. Lugha ya F# tayari humruhusu mwandishi kuambatisha kipimo kwenye namba, na hukataa kujumlisha vipimo visivyolingana. Huko ndiko lugha za kesho zinakopaswa kuelekea.

Siku hizi yapo maoni mengine, kwamba lugha za kompyuta zitatoweka, kwa kuwa mashine za akili bandia zinaweza kupokea maagizo kwa Kiswahili cha kawaida na kuandika programu zenyewe. Ni kweli kwamba jambo hilo limeanza, nalo litawafungulia mlango wengi. Lakini ichukuliwe kwamba mtu anaiagiza mashine kuwatumia wavuvi onyo: upepo mkali utaanza saa mbili usiku. Kwa Mswahili hiyo ni saa mbili baada ya jua kutua, yaani 20:00. Mashine iliyolelewa kwa maandishi ya Kiingereza inaweza kuandika 02:00. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na kuvua usiku wa giza kwa taa. Onyo lililochelewa saa sita litawakuta tayari katikati ya maji.

Kosa hilo haliwezi kuonekana katika agizo, kwa kuwa agizo lilikuwa sahihi. Linaonekana katika programu iliyoandikwa, na kwa mtu anayeweza kuisoma tu. Kwa hiyo kadiri mashine zinavyozidi kuandika, ndivyo haja inavyozidi ya lugha ya kompyuta iliyo wazi, inayotofautisha saa ya Kiswahili na saa ya kimataifa kama inavyotofautisha kilo na debe. Kadhalika haja inazidi ya wananchi wenye uwezo wa kuikagua.

Kazi ya kufanya inafahamika, na haihitaji fedha za kupindukia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Hatua inayofuata ni kuyaandika kwa Kiswahili maelezo ya makosa ya lugha zinazotumika sana, kwa istilahi zilizokubaliwa na BAKITA. Pamoja na hayo, vyuo vya Mwanza, watafiti wa samaki wa TAFIRI na wataalamu wa hali ya hewa waandae kwa pamoja maktaba ya programu za saa za Kiswahili na vipimo vya soko, iliyo wazi kwa kila mtu kuitumia na kuisahihisha. Watoto nao waanze mapema, kwa kuwa Scratch, lugha ya kufundishia watoto, tayari inapatikana kwa Kiswahili.

Kubadilisha if kuwa kama ni kazi ya asubuhi moja. Kuifanya mashine itambue saa mbili ya Ukerewe ni kazi ya miaka, na hakuna mtu wa Pennsylvania atakayeifanya kwa niaba ya wavuvi wa ziwa.