Jeni, Msongo na Hipokampasi
Methali "Mwana wa nyoka ni nyoka" huuachia urithi uamuzi wote. Hoja hiyo haitoshi. Mwaka 2004, Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kuwa watoto wa panya waliolambwa sana na mama mlezi, hata asiyewazaa, walikuwa na alama tofauti za kikemikali kwenye jeni ya kipokezi cha homoni za msongo katika hipokampasi, nao wakauhimili msongo vizuri zaidi ukubwani. Msongo wa muda mrefu hupunguza unyumbufu wa sinapsi, ulio msingi wa kujifunza na kukumbuka. Panya si binadamu. Hata hivyo, anayemwita mwanafunzi "mjinga wa kuzaliwa" hawezi tena kuegemea jeni peke yake. Hapana budi malezi nayo yachunguzwe.