Bajeti ya Mji Isomwe kwa Lugha ya Wenye Mji

Miongoni mwa maneno yaliyovuma nchini tangu Katiba ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ni machache yaliyovuma kuliko neno 'ushirikishwaji'. Magavana hulitaja, wawakilishi wa wadi hulitaja, na matangazo ya kaunti hayakamiliki bila 'ushirikishwaji wa umma'. Kwa kuwa kazi yangu ni kuyachunguza maneno, nimelitazama neno hili kwa makini na kuona kwamba maradhi yetu yamo ndani yake.

Chanzo chake ni kitenzi 'shiriki'. Anayeshiriki hutenda mwenyewe. Tukikitia kitenzi hicho kiambishi cha kusababisha, tunapata 'shirikisha': hapo ametokea mtu mwingine anayemfanya mwenzake ashiriki. Tukiongeza kiambishi cha kutendwa, tunapata 'shirikishwa': sasa mwananchi si mtenda tena bali ni mtendwa. Huitwa, huketishwa, husomewa, hutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria, kisha hurudi kwake. Katiba, katika Kifungu cha 10, inahesabu kushiriki kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Katiba ilitaka tushiriki. Sisi tumeridhika na kushirikishwa.

Jambo hili hudhihirika zaidi katika miji yetu midogo, kwa sababu huko mambo yenyewe ni ya karibu. Ni mtaro uliozibika sokoni, jaa la taka lililo jirani na shule, taa za barabarani zisizowaka, ada anayotozwa mwuza mboga, zahanati iliyoishiwa na dawa. Mengi ya mambo haya hayaamuliwi Nairobi, bali katika bajeti ya kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti hiyo hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, na kamati ya bunge hutakiwa kuyazingatia maoni ya wananchi kabla ya kutoa mapendekezo yake. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Hivyo basi, mkazi wa mji ana majuma machache tu ya kusema lake. Yakimpita, hana budi kusubiri mwaka mzima.

Nimewahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo katika ukumbi wa mji mmoja mdogo. Waraka ulioletwa ulikuwa kitabu kinene cha Kiingereza, nao uligawiwa papo hapo, nakala chache kwa umati mzima. Afisa aliyetumwa alianza kwa Kiswahili kizuri cha salamu na maombi, lakini kila alipofika penye fedha alihamia Kiingereza. Mama mmoja mwuza nyanya alisimama akauliza ni kwa nini ada ya soko imepandishwa ilhali choo cha soko kimefungwa. Alijibiwa kwamba maelezo yamo katika jedwali. Mama aliketi, na jedwali lilikuwa la Kiingereza. Baada ya hapo maswali yalikoma, soda zikagawiwa, na watu wakatawanyika.

Je, mama yule alishiriki? Alikuwapo, akauliza, na akajibiwa. Ila jibu lenyewe lilifungiwa ndani ya lugha asiyoweza kuihoji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga. Aliyejua kunguni wa soko lile ni mama yule, wala si waliochapisha jedwali. Na ndiye aliyenyamazishwa.

Mahakama imekwisha kutoa mwongozo kuhusu suala hili. Mwezi wa Aprili 2014, Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha ya kushiriki. Jaji alieleza kwamba haitoshi kuutoa ujumbe na kumwachia anayejali autafute mwenyewe. Bunge la kaunti lapaswa kuwafuata watu makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza na kupitia redio, zikiwamo zile zitangazazo kwa lugha za kienyeji. Zingatia orodha hiyo, ewe msomaji. Ni mahali ambapo, katika miji yetu midogo, watu huzungumza Kiswahili au lugha ya mama. Itakuwaje basi ujumbe uwafikie hapo, na waraka ubaki umeandikwa kwa lugha isiyozungumzwa hapo?

Tatizo hili ni kongwe. Mwaka 1974 Kiswahili kilipewa nafasi bungeni, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Tukajizoeza kujadiliana kwa lugha moja na kutunga sheria kwa nyingine. Serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi mazoea hayo, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba kilikuwa kimekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mamlaka yaligatuliwa, lugha ya mamlaka haikugatuliwa.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa fedha. Hao nawaomba wasikilize taarifa ya habari jioni moja tu. Makadirio, mapato, matumizi, ruzuku, ushuru, nakisi, malimbikizo ya madeni: maneno haya yote yamo vinywani mwa watangazaji wetu. Wapo pia wanaolalamikia gharama ya tafsiri. Nawauliza, ipi iliyo kubwa: gharama ya kurasa nne za muhtasari wa Kiswahili, au ya sheria nzima kutupwa nje na mahakama? Mwezi wa Juni 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha, wengine wao waliufasiri na kuueleza mitandaoni kwa Kiswahili na kwa lugha zao za mama. Ikiwa vijana wenye simu tu waliweza, kaunti yenye wahasibu na mawakili itashindwaje?

Hata hivyo, lawama zote zisirushiwe wenye vyeo. Katika kila mji mdogo wa nchi hii, uwe Voi, Maua, Butere au Ol Kalou, pana shule, na penye shule pana walimu wanaozimudu lugha hizi mbili. Lakini siku ya kikao cha bajeti, mara nyingi walimu hao hawaonekani ukumbini. Msomi akikaa nyumbani huku jirani yake akisomewa jedwali asilolielewa, elimu yake imeufaa nini mji?

Mtihani wa Kiswahili wa KCSE huwataka watahiniwa waandike insha za kiuamilifu: ripoti, kumbukumbu, barua rasmi, hotuba. Mwaka nenda, mwaka rudi, wanafunzi wetu huandika kumbukumbu za mikutano ambayo haikufanyika, ya vyama ambavyo havikuundwa. Kwa nini wasiandike kumbukumbu za kikao halisi cha mji wao? Mwalimu wa Kiswahili na awape sura moja ya waraka wa bajeti waifasiri. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo katika kipindi cha wastani. Mwalimu wa hisabati na awape takwimu wakokotoe kama kaunti yao imetimiza. Kisha muhtasari ubandikwe sokoni, kwenye steji ya matatu na mlangoni pa zahanati, na kwa wazee wasiojua Kiswahili, wajukuu wao wausome kwa lugha ya mama. Mtaala wa umilisi unasisitiza huduma kwa jamii. Sijui huduma iliyo bora kuliko hii.

Kazi hiyo isigeuzwe kampeni ya mtu yeyote. Mfasiri mwaminifu huliacha jambo lilivyo, hata likiwa halimpendezi, na hukumu huwaachia wenye mji.

Nazo kaunti zitimize mambo matatu yasiyohitaji miujiza. Kwanza, muhtasari wa Kiswahili utolewe siku 14 kabla ya kikao, si asubuhi ya kikao. Pili, swali lijibiwe kwa lugha liliyoulizwa na liandikwe katika kumbukumbu vivyo hivyo. Tatu, baada ya bajeti kupitishwa, wananchi warudishiwe jawabu: maoni yapi yalikubaliwa, yapi yalikataliwa, na kwa sababu gani.

Aprili hurudi kila mwaka. Itakaporudi, walimu na wanafunzi wawemo ukumbini wakiwa na muhtasari mkononi, ili mama mwuza nyanya akiuliza habari ya choo, asije akaonyeshwa jedwali tena.