Kofi Si Mapenzi

Vijana wa Kasongo na Kabambare,

Mwaka 2006, kule Texas, Jennifer Ann Crecente, miaka 18, aliuawa na kijana aliyekuwa mpenzi wake. Tangu 2008 shirika lenye jina lake linafanya shindano la kutengeneza michezo ya video yenye kufundisha vijana kutambua mapenzi ya mabavu.

Na kwetu? Anamunyang'anya simu, anamupiga kofi: «ni wivu tu». Akimubaka, wazee wanakaa, mbuzi inatolewa, mambo imeisha. Hapana! Sheria 06/018 ya 2006 inasema gereza miaka 5 mpaka 20.

Tunataka shindano letu: mchezo wa simu, kwa Kiswahili ya hapa, bila intaneti, wasichana wakiwa mbele kuutunga. Mchezo unafungua macho. Kuhukumu ni kazi ya tribinali. Ifanye!