Biskuti ya jibini si mlo, jamani

Wiki hii nimekuwa kimya kwa ajili ya test mbili mfululizo, ila hili la leo silali nalo.

Hapa hosteli kuna biskuti laini za mdalasini zinapitishwa chumba kwa chumba kwenye ndoo. Zimetiwa jibini mbichi, ile nyeupe ya chengachenga. Ni tamu, sibishi. Lakini bei yake ni mara mbili ya biskuti ya kawaida, na ukiuliza kwa nini unajibiwa eti ni "za afya", zina protini, hazinenepeshi, kula tatu ushapata mlo. Mwaka 2023 jibini hii ilivuma sana TikTok, watu wakaitia hadi kwenye aiskrimu. Sasa imelifuata boom letu. Kuna wenzetu wanaruka maharage ya kantini kwa ajili ya biskuti! Hapo ndipo naposema hapana.

Tupige hesabu. Chukua donge la biskuti 24: unga gramu 300, siagi 100, sukari 150, jibini 200, yai 1, beking poda kijiko cha chai 1 na mdalasini vijiko 2. Halafu sukari gramu 50 nyingine iliyochanganywa na mdalasini, ya kuviringishia juu.

Gramu 100 za jibini hiyo zina protini kama gramu 11. Kwa hiyo 200 zinakupa 22. Gawa kwa 24: haifiki hata gramu 1 kwa biskuti! Yai moja la kuchemsha lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva, kama 15. Sasa nani ana protini hapo, ndoo au kantini?

Geukia sukari. Gramu 200 gawa kwa 24 ni zaidi ya 8, yaani kama vijiko viwili vya chai kwa kila biskuti. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema ni vizuri zaidi sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku. Biskuti tatu, umeshamaliza za siku nzima. Mtu anakunywa chai kavu kwa ajili ya diet, halafu anasindikiza na vijiko sita vya sukari. Jamani!

Wapo watakaosema, "si bora kuliko biskuti za dukani?" Labda. Lakini kuwa afadhali kidogo hakuifanyi kuwa chakula cha mchana, wala hakuhalalishi bei mara mbili.

Na jibini yenyewe wala si kitu cha ajabu. Chemsha maziwa lita 1, epua, kamulia limau vijiko vikubwa viwili au vitatu. Asidi inayafanya yakatike. Chuja kwa kitambaa safi, unabaki na jibini kama gramu 150 hadi 200. Kazi yake kwenye biskuti ni kushika maji, ndiyo maana inatoka laini kama keki ndogo badala ya kuvunjika kau. Mdalasini upo Zanzibar, hatuhitaji meli ya Ulaya. Donge likinata, liweke kwenye friji nusu saa. Oka nyuzi 180, kama dakika 12. Huna oveni? Sufuria yenye mchanga, moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko, kama bibi zetu wanavyooka mkate wa kumimina.

Maji hayohayo yanayoilainisha ndiyo yanayofanya isikae. Kwa joto la Dar, siku ya pili iwe imeisha. Ya kukaa kwenye ndoo wiki nzima ni ya kuogopa, hata ukiambiwa ina protini kiasi gani.

Sina ugomvi na mtu kutafuta riziki, maisha ya chuo wote tunayajua. Uza biskuti, iite biskuti, weka bei ya biskuti, na mimi nitakuwa wa kwanza kununua. Ila usimuuzie mwenzio njaa ukaiita afya.

Na wewe unayeruka maharage: kale kwanza, halafu biskuti moja na chai.

Nawasilisha. Narudi kwenye madesa.